Msaada wakuu: nipo Kigoma nataka masta ya biashara, nichukue MBA au MSc? Na vigezo vya kuingia vikoje hasa

BintiKibirizi

Habari za humu ndani, wakubwa zangu shikamooni, wenzangu habari za saa hizi. Huwa napita kusoma tu ila leo nimeona nami niulize maana hili jambo limeninyima usingizi wiki ya pili sasa.

Niko Kigoma mjini, nafanya kazi kampuni binafsi ya kusafirisha mizigo, mabehewa yanafika na sementi, nondo, unga, sisi tunahakikisha vinapanda meli kwenda Kalemie na Bujumbura. Digrii yangu ni ya uhasibu nilimaliza 2017 kwa GPA ya 2.9. Nilianza kama keshia mwaka 2018 nikapanda taratibu, sasa hivi mimi ndo mhasibu wa tawi, nafunga hesabu za mwezi, napeleka ritani TRA, nafuatilia risiti za mafuta kwa madereva, yaani karibu kila shilingi inapita mezani kwangu. Mwezi uliopita bosi akaniita akaniambia meneja wa tawi anahamia Dar na jina langu limetajwa, ila wenye kampuni wanataka mtu mwenye masta au angalau awe ameshaanza kuisoma. Nilitoka pale furaha na hofu vimenikaa kifuani vyote kwa pamoja.

Nimeingia kwenye tovuti za vyuo nimetoka nimechanganyikiwa, huku MBA, kule MSc ya uhasibu na fedha, kwingine MBA ya watendaji, kuna PGD, kuna wanaotaja mtihani wa kuingilia unaoitwa GMAT. Mwenye kujua anisaidie, kwa mtu kama mimi inayofaa ni ipi, na hiyo 2.9 yangu inaingia au nisijisumbue? Mume wangu ni mwalimu Kasulu anakuja wikiendi, mtoto ana miaka mitatu, kwahiyo kuhamia Dar miaka miwili kwangu ni ngumu mno. Akiba ninayo milioni tatu na laki nne nimeikusanya kwa kijumbe. Na kitu kingine, cheti changu cha form four kina majina matatu ila cha chuo kina mawili, nasikia inasumbua wakati wa kuomba, ni kweli?

ReliYaKati

Marahaba binti yangu na hongera sana, mtu kupanda kutoka keshia hadi kutajwa kwa umeneja sio jambo dogo.

Nianze na GPA maana ndo inayotisha watu wengi bure. Kwa mfumo wetu wa hapa Tanzania 4.4 hadi 5.0 ni daraja la kwanza, 3.5 hadi 4.3 ni la pili la juu, 2.7 hadi 3.4 ni la pili la chini, halafu 2.0 hadi 2.6 ndo ile wanaita pasi. Mlango wa kawaida wa masta ni digrii ya kwanza yenye 2.7 kwenda juu. Wewe na 2.9 yako mlango uko wazi, usikae chini kulia. Ila ujue hiyo 2.7 ni sakafu, chuo kina uhuru wa kuweka kigezo chake juu ya hapo na kozi yenye waombaji wengi wanaanza kuchukua kutoka juu kushuka chini, kwahiyo usiombe chuo kimoja ukakaa kusubiri, omba viwili vitatu.

Sasa MBA na MSc. Mimi nimefanya kazi chini ya mameneja wengi, wenye hiki na wenye kile, na tofauti nimeiona kwa macho. MBA inamwandaa mtu anayeenda kubeba shughuli nzima, utasoma uhasibu, masoko, rasilimali watu, mikakati, uendeshaji, uchumi, takwimu, mbinu za utafiti, kila kitu kwa kina cha kukuwezesha kukaa meza moja na wataalamu wake na kuwauliza maswali ya maana. MSc ya uhasibu na fedha inachimba shimo moja kwenda chini, viwango vya kimataifa vya taarifa za fedha, ukaguzi, kodi, uwekezaji, hiyo ni ya mtu anayetaka kuwa mkurugenzi wa fedha au mhadhiri au mtu wa benki. Zipo na za katikati kama MSc ya manunuzi na ugavi au ya rasilimali watu. Wewe umesema unaenda kusimamia tawi. Hesabu unazijua tayari, kitakachokutoa jasho ni makuli waliogoma saa tisa usiku na behewa halijashushwa, na mteja wa Kalemie anayetaka punguzo. Kwa hali hiyo mimi nasema MBA.

Ile ya watendaji, executive, ni MBA ileile kwa watu wenye miaka kadhaa ya uzoefu hasa kwenye nafasi za uongozi, ratiba yake inabana siku za masomo ili mtu asiache kazi, na mara nyingi ada yake imechangamka. Usiikimbilie kwa sababu ya jina.

Hesabu_Safi

Naomba nipingane kidogo na mzee wangu ReliYaKati kwa heshima zote. Dada una CPA, ile sifa ya kitaaluma ya uhasibu? Hujaitaja, na mimi kama mhasibu mwenzio niko Tabora hapa nakuambia ukweli, kwenye soko letu mhasibu mwenye masta bila CPA bado anaulizwa CPA iko wapi. Kwa vile digrii yako ni ya uhasibu NBAA, bodi ya wahasibu, hawakuanzishi chini kabisa, unaingia ngazi ya kati, ni mitihani sita, kisha ya mwisho ni minne, na wanatahini mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tano na wa kumi na moja. Unasoma nyumbani kwako, hulipi ada ya miaka miwili, na ukifeli karatasi moja unairudia.

Mimi nilianza na CPA nikiwa na mshahara wa laki nne na nusu, naamka saa kumi alfajiri na taa ya kuchaji maana umeme ulikuwa unakatika, nilimaliza baada ya misimu mitano ya mitihani ya kwenda na kurudi, nililia lakini nilimaliza. Baada ya hapo masta nimeichagua kwa utulivu, nachukua MSc ya fedha. Ningeanza na masta ningekuwa na deni na bado wangeniuliza CPA.

ReliYaKati

Hesabu_Safi sikatai hata neno moja kwa mtu anayebaki kwenye uhasibu. Ila huyu binti ameambiwa na mwajiri wake masta, na kiti chenyewe ni cha umeneja. Tumjibu kwa kiti alichoonyeshwa.

Hesabu_Safi

Sawa mzee nimekuelewa, hoja yako inasimama. Basi dada kama umeneja ndo uko mkononi nenda MBA lakini CPA usiitupe, iweke mbele huko. Na kabla hujalipa hata mia, mwombe bosi akuandikie kwamba masta ndo sharti, hata kwa meseji tu, maana maneno ya ofisini yanabadilika na meneja mpya wa makao makuu.

NilisomaHuria

Dada yangu mimi ni wa hapahapa, nakaa Gungu, nikueleze njia niliyopita. Nimesoma MBA Chuo Kikuu Huria nikiwa kazini na watoto wawili. Chuo hicho kilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1992 hasa kwa ajili ya watu kama sisi ambao hatuwezi kuacha kazi na familia, wana vituo vya mikoa na Kigoma kipo, Tabora pia kipo. Unajisajili kwa mtandao, masomo yako kwenye mfumo wao wa mtandaoni, mitihani unaenda kufanyia kituoni, hupandi treni.

Lakini nikuambie na upande wake mgumu ili usije ukashangaa. Hakuna mtu wa kukufuata. Darasani kuna mhadhiri anakuangalia usoni, kuna wenzio mnapita maktaba pamoja, huku ni wewe na simu yako na mtoto anavuta kanga. Mimi mwaka wa kwanza nilizembea miezi mitatu mizima, nikisema nitasoma usiku, usiku ukifika nimechoka nalala, mitihani ikanikuta nina moduli mbili sijazigusa. Nilichobadilisha ni kimoja tu, nikahamisha kusoma asubuhi, saa kumi na moja mpaka saa kumi na mbili na nusu kabla nyumba haijaamka, na nikamtafuta mwenzangu mmoja anasoma kozi hiyohiyo yuko Ujiji tukawa tunakutana kila jumamosi kwake, tunatandika mkeka chini ya mwembe tunaulizana maswali mpaka mchana. Yule dada ndo aliyenivusha, nasema bila kuficha.

Sehemu inayokwamisha wengi ni tasnifu. Masomo ya darasani mtu anamaliza, anafika kwenye utafiti anakaa mwaka na nusu hana mada. Kwahiyo anza kuifikiria mada leo. Wewe una mgodi mezani kwako, mizigo ya kwenda Congo, kwa nini inachelewa bandarini, gharama za kusubiri behewa zinaila faida kiasi gani, wafanyabiashara wadogo wa dagaa na mawese wanapataje mtaji. Chukua daftari andika tarehe mzigo ulivyofika na tarehe ulivyoondoka, baada ya mwaka una takwimu ambazo msimamizi wako atazifurahia. Ila omba ruhusa ya mwajiri kwa maandishi kabla ya kutumia data za kampuni.

Na kuhusu nyaraka, andaa vyeti vyote vya form four na six au diploma, cheti cha digrii, transkripti, cheti cha kuzaliwa, picha, CV, na marefa wawili, mmoja bora awe mhadhiri aliyekufundisha. Umemaliza 2017 kwahiyo mhadhiri wako hakukumbuki, usimtumie fomu kavukavu, mpigie kwanza, mkumbushe ulikuwa mwaka gani na mradi wako wa mwisho ulihusu nini, mtumie na CV yako, utaona anakuandikia barua yenye nyama.

Mwalimu_wa_Cheyo

Mwangaluka wote, naomba nidandie uzi huu maana nami ni mhusika. Niko Tabora manispaa ni mwalimu wa sekondari wa serikali, nina digrii ya elimu, masomo yangu ni jiografia na kiswahili, GPA yangu 2.5. Nina ndoto ya muda mrefu ya kusoma MBA kwa sababu nina biashara ya asali, nanunua kutoka Sikonge nafungasha napeleka Dodoma na Mwanza na naona kabisa naendesha kwa kubahatisha. Je mtu aliyesoma ualimu anakubaliwa MBA? Na kwa hiyo 2.5 ndo basi tena?

ReliYaKati

Mwalimu wangu, MBA kwa asili yake imewekwa kwa watu wa fani zote, madaktari wanasoma, wahandisi wanasoma, walimu wanasoma, ndo maana semista ya kwanza wanafundisha misingi ya uhasibu na uchumi. Fani yako haikuzuii. Ungeomba MSc ya uhasibu hapo wangekuambia lete digrii inayohusiana.

Kinachokuzuia ni GPA, na dawa yake ipo, inaitwa PGD, stashahada ya uzamili. Wenye pasi ya 2.0 hadi 2.6 wanapitia hapo, ni kama mwaka mmoja, ukifaulu vizuri unaitumia kuombea masta. Wenye zile advansi diploma za zamani nao wengi wamepita njia hii. Chagua PGD ya usimamizi wa biashara ili yale utakayosoma yaendane na MBA yenyewe, na kabla hujajisajili waulize chuo unachokilenga kwa masta wanataka PGD ya kiwango gani cha ufaulu, wakujibu kwa barua pepe uwe na ushahidi.

Afisa_Mstaafu

Naongezea kwa mwalimu maana nilikaa ofisi ya utumishi miaka mingi. Wewe ni mtumishi wa umma, usianze kusoma kimyakimya. Andika barua ya kuomba ruhusa ya masomo ipite kwa mkuu wako wa shule mpaka kwa mkurugenzi, uingizwe kwenye mpango wa mafunzo wa halmashauri. Nimeona vijana wanamaliza wanaleta vyeti wanaambiwa ruhusa iko wapi, mtu ana cheti halali cha chuo halali lakini kwenye faili lake hakihesabiki. Na hata ukiwa na ruhusa, MBA peke yake haikuhamishi kutoka ualimu, kubadilishiwa kada ni utaratibu mwingine wenye kibali chake. Kama lengo ni asali yako basi moyo wako utulie, soma kwa ajili ya asali.

Mwalimu_wa_Cheyo

Asante sana mzee na mkuu ReliYaKati, nimeandika yote. Ni kwa ajili ya asali kweli, ualimu naupenda siuachi.

KakaMwanga

Jamani naomba nizungumze kitu kinachoniuma ili wengine wasiingie. Mwaka 2019 nilipata tangazo la MBA ya mtandaoni ya chuo cha nje, miezi tisa, hakuna mtihani, hakuna tasnifu, ada kwa awamu, wanakupigia simu kila siku kwa sauti nzuri. Mimi nikiwa na haraka ya kupanda cheo nikalipa, nililipa kwa awamu nne kwa pesa za mauzo ya shamba la michikichi la marehemu baba. Cheti kikaja kwa kurier kizuri kina mhuri wa dhahabu. Nikakipeleka kazini, afisa rasilimali watu akakigeuza mara mbili akaniuliza umekipeleka TCU? Nikamwambia TCU ya nini si cha nje. Akanielewesha kwamba cheti chochote cha chuo kikuu cha nje kinatakiwa kitambuliwe na TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, kwanza. Nikaomba, majibu yakaja chuo hicho hakitambuliki hata kwenye nchi yake. Nilikaa kitandani siku nzima. Kile cheti kiko kwenye bahasha kabatini mpaka leo na mama yangu hajawahi kujua pesa ya michikichi ilikwenda wapi.

Kwahiyo dada, chuo kikuu cha hapa angalia kwenye orodha ya TCU, na usiishie kwenye jina la chuo, angalia na hiyo kozi yenyewe kama imeidhinishwa. Vile vingine kama IFM, CBE, IAA na TIA ni taasisi zilizosajiliwa NACTVET, baraza la elimu ya ufundi, masta yao utaikuta imeandikwa NTA ngazi ya 9, ndo ngazi ya masta kwao, hiyo ni halali kabisa usiikatae kwa sababu haifanani na ya chuo kikuu. Na cha nje uliza TCU kabla ya kulipa. Kabla. Sio baada.

NilisomaHuria

Pole sana kaka, umesaidia wengi kwa kusema hili. Siku ukiwa tayari mwambie mama, mzazi anasamehe.

Tanganyika_Mpaka_Leeds

Kwa swali la GMAT, dada vyuo vingi vya hapa nyumbani havidai, kwahiyo usipoteze bando kuitafuta kama unabaki Tanzania. Inahitajika zaidi Marekani na Ulaya na baadhi ya vyuo vikubwa vya Afrika. Kwa faida ya wengine, GMAT ya sasa ni saa mbili na robo, ina sehemu tatu za dakika 45 kila moja, hesabu, lugha na uchambuzi wa data, alama zinaanzia 205 mpaka 805 na majibu yanaishi miaka mitano. Vyuo vingi vinapokea na GRE badala yake. Unaweza kufanyia nyumbani kwa kompyuta lakini uwe na pasipoti na intaneti isiyokatika, mimi nilisafiri kwenda Dar kufanyia kituoni sikutaka kujaribu bahati. Mtihani wa kiingereza, IELTS au TOEFL, wenyewe unaishi miaka miwili tu kwahiyo usiufanye mapema ukaishia kurudia.

Kitu kingine, masta nyingi za Uingereza ni mwaka mmoja, MBA za Marekani kwa kawaida ni miwili. Pesa za huko kwa akiba ya kijumbe hazifiki, njia ni skolashipu. Mimi nilikwenda kwa Chevening, skolashipu ya serikali ya Uingereza. Wanataka uwe na digrii, uzoefu wa kazi usiopungua miaka miwili ambao wanauhesabu kwa masaa 2,800, unachagua kozi tatu za vyuo vya Uingereza, na ukimaliza unarudi nyumbani miaka miwili. Dirisha kwa kawaida linafunguliwa mwezi wa nane linafungwa wa kumi. Insha zao nilizirudia mara saba. Ya kwanza niliandika maneno makubwa ya uongozi matupu, rafiki yangu akaisoma akaniuliza, sasa wewe ulifanya nini? Nikafuta yote nikaandika jinsi nilivyowapanga vijana kumi na mmoja pale Kibirizi tukaacha kupimia dagaa kwa ndoo tukaanza kupima kwa mizani, nani alikataa, nani alinuna, na mapato yalibadilikaje. Hiyo ndo ilinipeleka. Hata barua ya maelezo ya vyuo vya hapa iandike hivyohivyo dada, ile habari yako ya keshia mpaka mhasibu wa tawi ukiieleza kwa mifano, hata kama GPA ni 2.9 mtu ataisoma mpaka mwisho.

Mdau_wa_Malimbe

Kama Huria hutoipenda kuna SAUT Mwanza wana MBA, kuna Mzumbe wana kampasi Morogoro, Mbeya na Dar, kuna shule ya biashara ya UDSM pale Mlimani ambayo ina masomo ya jioni, Arusha kuna IAA na ESAMI. Ila zile za jioni ni za mtu anayeishi mji husika, wewe wa Kigoma jioni ya Dar haikuhusu. TIA wana kampasi hapo Kigoma, pita siku ya kazi uwaulize ngazi yako wana nini kwa mwaka huu.

BintiKibirizi

Wazee wangu, kaka na dada zangu, sijui nianze wapi kushukuru, nimesoma yote mara mbili nikamsomea na mume wangu kwa simu akasema hawa watu Mungu awabariki.

Nimefanya hivi. Jumatatu nilimwomba bosi aandike, ameniandikia barua pepe kwamba wanakubali mtu aliyesajiliwa masta, na akaongeza mwenyewe kwamba kampuni itachangia sehemu ya ada nikifaulu mwaka wa kwanza, hilo hata sikulitegemea. Jana mchana nikaenda kituo cha Huria, nikaongea nao, nimeamua MBA na naomba dirisha lijalo, na nitaomba na chuo kingine kimoja kama mzee alivyosema. CPA nimeiweka baada ya hapo, Hesabu_Safi nitakutafuta. Na daftari la mizigo nimelianza leo asubuhi, mzigo wa kwanza ni sementi, umefika na mabehewa alfajiri na mpaka naandika hapa haujapakiwa.

Imebaki ile ya majina, hakuna aliyenijibu. Na transkripti yangu imekunjika katikati kwenye mkunjo herufi zimeanza kufutika, niliiweka kwenye nailoni na mkoba ule ulilowa siku moja kwenye mvua nikitoka kazini. Nimejaribu kuipiga picha kwa simu haisomeki sehemu ya mwaka wa pili.

Afisa_Mstaafu

Samahani mwanangu tulipitwa. Ikiwa majina mawili yanafanana kabisa na kilichopungua ni la katikati, mara nyingi kiapo cha wakili kinatosha, unaapa kwamba majina yote ni ya mtu mmoja, wakili anagonga mhuri, unakiambatanisha na vyeti kila unapoomba. Majina yakiwa tofauti kabisa ndo utaenda kwenye hati ya kubadili jina ambayo inasajiliwa kwa msajili wa hati. Usiende huko kama hujalazimika. Toa nakala tano za kiapo uhifadhi, utakitumia na kwenye mahafali, ili cheti cha masta kitoke na majina unayoyataka uwaandikie wakati wa kujisajili, sio siku ya kuvaa joho.

NilisomaHuria

Na transkripti usiipige picha kwa simu. Andikia chuo ulichosoma waombe nakala nyingine, watakupa kontrol namba unalipia kwa simu, anza leo maana inachukua muda mpaka ifike Kigoma. Hiyo uliyonayo nenda nayo Mwanga kwenye steshenari yenye skana ya kulaza, sio ile ya kuvuta karatasi itakuchania, waambie waskani kwa rangi na pande zote mbili, nyuma ndo kuna maelezo ya madaraja na watu wengi wanaisahau, halafu waiweke PDF moja. Usiondoke kabla hujaifungua kwenye simu yako ukaikuza ukasoma ule mwaka wa pili somo kwa somo.

BintiKibirizi

Nimetoka Mwanga sasa hivi dada. Inasomeka yote, hata lile somo la takwimu nililopata C linaonekana vizuri. Barua ya kuomba nakala mpya nimeituma. Kesho wakili.